Seva ya duka naijua mimi peke yangu: nimkabidhi vipi mpwa wangu kwa wiki tatu?

kalamu_na_vi (Morogoro), Jumamosi saa 4:12 usiku

Wakuu, habari za Jumamosi. Naomba ushauri, na najua nusu yenu mtanicheka kabla ya aya ya pili.

Nina duka la steshenari jirani na chuo. Fotokopi, kuskani vyeti, kuchapa tasnifu za watu wanaokumbuka leo kwamba mwisho wa kukusanya ni kesho. Kompyuta tano za wateja, printa mbili, na chini ya kaunta, nyuma ya boksi la karatasi, iko Dell OptiPlex ya mtumba, RAM GB 4, niliyoichukua Kariakoo. Hiyo ndiyo seva. Haina skrini wala kibodi. Naiingia kwa ssh, yaani kwa kuandika amri kupitia mtandao, kutoka kompyuta yangu. Ndani ina Slackware 15.0, Linux ya mwaka 2022.

Kazi zake ni nne. Inagawa anwani za mtandao wa duka kwa dnsmasq, inatunza folda ya pamoja kwa Samba, inapokea kazi za printa kwa CUPS, na kila usiku inanakili kazi za wateja kwenye diski ya pili kwa rsync. Nikitaka huduma iwe inajiwasha mashine inapowaka, naipa skripti yake ruhusa ya kutekelezwa: chmod +x /etc/rc.d/rc.dnsmasq. Nisipoitaka, chmod -x. Swichi ni hiyo tu. Kila nilichowahi kukigusa kimo kwenye mafaili saba ya maandishi, na nayajua kama njia ya chooni usiku.

Sasa, mwezi ujao nakwenda Tukuyu wiki tatu kwa mambo ya mirathi. Duka linabaki na mpwa wangu, yuko mwaka wa mwisho wa TEHAMA, kijana mzuri, ana kiherehere. Juzi kaniambia, "Mjomba, mfumo wa 2022 wenye mpangilio wa 1993." Nikamjibu kwamba Patrick Volkerding alitoa Slackware ya kwanza Julai 1993, miaka kumi kabla yeye hajazaliwa, na bwana huyo mpaka leo ndiye anayeisimamia. Akasema hiyo ndiyo shida yenyewe.

Anachotaka ni kufuta diski na kuweka mfumo wenye paneli ya kivinjari: unafungua ukurasa, unabofya, huduma inawaka. Mimi roho inakataa, na si ukaidi mtupu. Zamani niliajiriwa mahali (jina naliacha) nikiwa fundi wa mtandao. Siku moja intaneti iligoma, nikaandika anwani ya seva ya majina kwenye /etc/resolv.conf, ikarudi, nikaonekana shujaa. Kesho yake asubuhi watu wamejipanga mlangoni kwangu: intaneti hakuna. Nafungua faili, mstari wangu haupo. Juu kabisa pameandikwa "# Generated by NetworkManager". Programu ilifanya kazi yake sawasawa tu. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kwenye daftari la mwenzangu. Tangu siku hiyo, nikikutana na mashine swali langu la kwanza ni hili: hapa mwandishi wa mafaili ni nani? Kwenye seva yangu ni mimi. Paneli ikiingia tutakuwa wawili, na hatutasalimiana.

Sababu nyingine ni ya umri. Nilianza 2006 Dar, kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujafika, maana ulifika Julai 2009. Intaneti ilikuwa ya kafe, unalipia huku unaangalia saa. Slackware nilipewa na rafiki kwenye CD za kunakili. Ukisakinisha yote unapata yote: kihariri, kompaila, seva, na kurasa za man za kukufundisha hayo yote. Hukatizwi katikati ya kazi ukaambiwa kalete bando kwanza. Mpaka leo flashi moja inanitosha kuijenga mashine kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Lakini mwezi uliopita nililazwa siku mbili kwa malaria. Printa ikapotea mtandaoni. Dukani wakazima na kuwasha ruta mchana kutwa, maana hakuna mwingine aliyejua mafaili saba yako wapi. Wateja wakahamia duka la pili yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba kitu ninachokiita rahisi ni rahisi kwangu mimi.

Nyie mnaosanidi kwa mkono, mnamkabidhi vipi mtu mwingine? Kaunta buku ninayo, kurasa arobaini zimejaa. Inatosha?

---

kodi_na_kahawa (Dodoma), Jumamosi saa 4:50 usiku

Shikamoo mzee. Mpwa wako ana hoja, ila dawa yake si sahihi. Paneli nakubali iache. Jifunze Ansible: unaandika faili moja linalosema seva iweje, unaliendesha, mashine inakuwa hivyo. Ni maandishi matupu vilevile, unaweza kuyahariri kwa vi yako, hicho kihariri chako. Kesho mashine ikifa unachukua nyingine, unaendesha faili, dakika kumi umemaliza. Kaunta buku haiwezi kusakinisha kitu, mzee.

---

kalamu_na_vi, Jumamosi saa 5:05 usiku

Marahaba kijana. Nimeisoma kidogo hiyo Ansible. Kwa seva hamsini ningekimbilia. Kwa moja iliyo chini ya kaunta naona ni kama kununua lori la kubebea ndoo ya maji. Na mpwa wangu itabidi ajifunze vitu viwili: seva, na chombo cha kuisemesha. Ila hilo la kaunta buku limenichoma, nakiri.

---

mama_seva (Mombasa), Jumapili saa 3:20 asubuhi

Kaka, mimi natunza seva za shule mbili huku pwani, Linux ya Debian, zaidi ya miaka kumi sasa. Mtu wa mkono kama wewe. Nakwambia matatu, na la pili nataka ulisome umekaa.

Kwanza, /etc yako, folda ya mipangilio, iweke kwenye git leo hii, programu inayotunza historia ya kila badiliko. Slackware inakuja nayo, hulipi bando. Ingia /etc, andika git init, halafu hapohapo chmod 700 .git, kwa sababu faili la shadow, lenye nywila, litaingia humo na hutaki mtu mwingine alisome. Kila ukibadili kitu unaandika ujumbe: kwa nini, si nini. "Nimeongeza mstari" haina maana, mstari anauona mwenyewe. Andika "printa ya pili ilikuwa inapewa anwani mpya kila asubuhi". Kuna jambo moja la kuangalia: git haikumbuki mwenye faili wala ruhusa zake zote. Inakumbuka ruhusa moja tu, ile ya kutekelezwa. Kwa bahati nzuri kwa Slackware hiyo ndiyo swichi yako ya huduma. Kijana akizima kitu kwa bahati mbaya, git status itamsema.

Pili. Umetaja rsync. Hebu tuonyeshe hiyo amri. Naogopa naijua ilivyo.

Tatu, mpe kijana mashine nyingine tupu na hiyo kaunta buku, wewe ukae kwenye kiti na mikono uikalie. Usiseme neno. Pale atakapokwama, ndipo palipo kichwani mwako na hapapo kwenye daftari.

---

kalamu_na_vi, Jumapili saa 4:02 asubuhi

Dada, amri ni hii, iko kwenye crontab (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe) ya root, msimamizi wa mashine, tangu nifungue duka:

rsync -a --delete /duka/ /bekapu/duka/

/duka ni diski moja, /bekapu ni ya pili. Mkwaju wa mwisho wa /duka/ naujua umuhimu wake, ukiusahau unapata /bekapu/duka/duka. Ulishanila huo.

---

mama_seva, Jumapili saa 4:15 asubuhi

Ndiyo niliyoiogopa.

Siku diski ya /duka ikishindwa kupachikwa, labda umeme umekatika vibaya, labda waya umelegea, folda ya /duka bado itakuwepo. Ila tupu. Rsync haijui kama ni tupu kwa sababu diski haipo au kwa sababu umefuta kila kitu. Inaona chanzo kitupu, umeiambia --delete, inakwenda kwenye nakala na kuifagia. Hiyo diski ya kwanza ikiwa imekufa kweli, umebaki mikono mitupu.

Fanya jaribio, usiniamini mimi. Zima Samba, ondoa /duka kwa umount, kisha endesha hiyo amri kwa -n na -v ili iseme itakachofanya bila kukifanya.

---

mtu_wa_zamu (Mwanza), Jumapili saa 5:30 asubuhi

Napita tu. Anayefikiria kwamba ukihamia mfumo wa kisasa unaepuka mambo ya fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa, ajue haya. Mimi natumia Debian yenye systemd, programu ya kisasa ya kuwasha huduma. Niliongeza diski ya nje kwenye fstab, nikasahau neno nofail, linaloiambia mashine iendelee hata diski isipokuwepo. Wiki mbili baadaye mtu kaichomoa diski kwenda nayo nyumbani. Mashine kuwashwa, ikakaa ikihesabu sekunde 90 ikiisubiri, mwisho ikanitupa kwenye hali ya dharura ikidai nywila ya root. Nilikuwa kilomita sita kutoka ofisini, mvua inanyesha, niko juu ya bodaboda.

Kwa hiyo faili ni lilelile kwa wote. Tofauti ni kama ulishawahi kulifungua siku ya amani au unalifungua mara ya kwanza siku ya vita.

---

kalamu_na_vi, Jumapili saa 11:40 jioni

mama_seva, shikamoo, hata kama nakuzidi umri.

Duka Jumapili nafunga mchana, nikabaki na mpwa. /etc/rc.d/rc.samba stop. umount /duka. Kisha rsync -anv --delete /duka/ /bekapu/duka/. Skrini ikaanza kuteremka: "deleting", "deleting", "deleting". Tasnifu za watu. Picha za pasipoti. Mikataba ya nyumba. Hesabu zangu za duka za miaka yote. Ilichukua kama nusu dakika hivi kumaliza orodha ya vitu ambavyo ingevifuta, na mimi nilikuwa nimesimama. Mpwa hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angeweza kusema.

Miaka yote hiyo najisifu kwamba kila mstari nimeuandika mwenyewe. Kweli niliuandika. Sikuwa nimeusoma tena.

Sasa nimeitoa amri kwenye crontab, nimeiweka kwenye skripti:

#!/bin/sh
mountpoint -q /duka || exit 1
mountpoint -q /bekapu || exit 1
rsync -a --delete /duka/ /bekapu/duka/ && date >> /var/log/bekapu.log

Diski mojawapo isipokuwa mahali pake, skripti inaishia hapo na haigusi kitu. Tukairudia na /duka ikiwa imeondolewa: kimya, hakuna kilichofutwa. Tukaipachika, tukairudia: tarehe imeandikwa kwenye kumbukumbu. Git pia tayari. Ujumbe wa kwanza kaandika mpwa: "Mwanzo. Kabla ya hapa vilikuwa kichwani mwa mjomba."

Jumatatu namfanyia ule mtihani wa kukalia mikono. Stoo nina OptiPlex nyingine ileile.

---

kodi_na_kahawa, Jumapili saa 1:10 usiku

Mzee nakupa heshima yako kwa kuliweka hadharani. Wengi wangefuta uzi.

---

kalamu_na_vi, Jumatano saa 2:35 asubuhi

Nawaletea matokeo.

Jumatatu alianza saa 3 asubuhi na flashi ya Slackware, kaunta buku na chupa ya soda. Mimi kitini. Kugawa diski na kusakinisha hakukumsumbua, alichagua vyote kama daftari linavyosema, akaenda kuhudumia wateja huku vifurushi vinateremka. Dnsmasq aliimaliza haraka kuliko nilivyotegemea. Faili langu lina mistari tisa, aliusoma ule wa dhcp-range, akasema, "Kumbe ni hii tu?" Nilitaka kujibu, nikakumbuka sharti.

Alikwama printa. Daftari linasema "printa kubwa apewe 192.168.10.20", halisemi anwani ya kadi ya mtandao ya printa yenyewe, ambayo ndiyo dnsmasq inayoitambua. Ile ilikuwa kwenye faili la seva ya zamani tu. Dakika ishirini na tano anatafuta. Mwishowe akaichapisha ripoti ya mtandao kwenye printa yenyewe kwa kubonyeza kitufe chake, akaisoma hapo. Mimi sikuwahi kujua kama kitufe kile kinafanya hivyo.

Saa 9 alasiri ilikuwa tayari. Tukanakili kazi za wateja, tukaiweka chini ya kaunta, ya zamani tukaiweka stoo kama ilivyo na diski zake. Duka likafanya kazi hadi kufunga na hakuna mteja aliyejua. Saa 3 usiku nikakata swichi kubwa kama kawaida, tukaenda zetu.

Jana asubuhi nafungua kumbukumbu ya nakala. Faili lenyewe halipo. Nakala haijafanyika kabisa. Natazama skripti, safi. Naiendesha kwa mkono, inafanya kazi. Yaliyofuata awaambie mpwa mwenyewe, nimemwambia ajiunge.

---

mpwa_halisi (Morogoro), Jumatano saa 2:58 asubuhi

Shikamooni wote. Mimi ndiye.

Kaunta buku ya mjomba, ukurasa wa 31, kwa kalamu nyekundu, imepigiwa mstari mara mbili: "Nakala kila siku saa 2 usiku." Nikafungua crontab nikaandika:

0 2 * * * /usr/local/sbin/bekapu

Saa mbili, usiku. Kwenye cron hiyo ni saa nane ya usiku wa manane, wakati huo swichi kubwa imeshakatwa zamani na seva imelala. Ya mjomba ilikuwa 0 20, yaani dakika 0, saa 20. Saa za cron ni 0 mpaka 23, na hakuna mahali inaposema lolote kuhusu sisi tunaoanza kuhesabu jua likichomoza.

Kosa nalibeba nusu. Nusu nyingine ni ya mwenye daftari.

Na kwa kuwa nimeshaingia humu, niseme mawili. Slackware nimeielewa zaidi ya nilivyotarajia, hasa zile skripti za rc.d, unaifungua unasoma inafanya nini, imeisha. Kilichonichosha ni kwamba nilitaka kuongeza programu moja ndogo ambayo haimo, ikataka nyingine tatu, na hakuna wa kuniambia zipi. Msimamizi wa vifurushi hafuatilii nani anamtegemea nani. Kwenye Ubuntu, Linux nyingine inayofuatilia hayo yenyewe, ningeshasahau.

Pili, mjomba anasema hapendi paneli za kivinjari. Muulizeni printa anazisimamia kwa kutumia kitu gani.

---

mama_seva, Jumatano saa 4:20 asubuhi

Kwa paneli ya kivinjari ya CUPS, bandari 631. Kaka, umekamatwa.

Mwanangu, umefanya vizuri kulieleza hilo la saa. Huku kwetu nilimwandikia fundi "anza saa tatu" na yeye akaelewa saa tisa za usiku. Alinipigia simu saa tisa na dakika tano.

---

kalamu_na_vi, Jumatano saa 6:45 mchana

Nimekamatwa, sina la kusema. Ukurasa wa CUPS naufungua kila siku na sijawahi kuuita paneli. Labda kwa sababu naweza kufungua /etc/cups/printers.conf na kuona ilichoandika. Na hata hapo onyo liko juu ya faili: usilihariri CUPS ikiwa inaendelea. Kwa hiyo hapa mwandishi si mimi, na nimeishi nalo vizuri tu. Nitalifikiria njiani.

Kodi_na_kahawa, Ansible bado sitaki. Ila nimemruhusu mpwa aandike skripti moja ya sh inayonakili mafaili saba kutoka kwenye git hadi mashine mpya na kuweka zile chmod. Ina mistari kumi na nne. Akinionyesha nitaisoma, mara mbili.

Seva mpya inabaki kazini, ya zamani inakaa stoo kama akiba. Kwenye kaunta buku ukurasa wa 31 sasa umeandikwa "20:00", na chini yake mpwa kaongeza kwa penseli "yaani saa 2 usiku, mjomba". Jana nakala imepita. Kumbukumbu ina mstari mmoja wa tarehe ulioandikwa na cron yenyewe. Leo usiku tunangoja wa pili, na bado tuna siku kadhaa za kuuangalia kabla sijasafiri.

Mpwa, kopo la tona liko kabati la chini, nyuma ya karatasi za A3. Hilo nalo halikuwa kwenye daftari.